Kuku wa Shukrani na Miguu Yake Myembamba

Mimi nilijifunza kununua vitu huko Mubi, mji wa wachimba madini, na Mubi haimfundishi mtu kusifu. Ukitaka shati, unaanza na kola: imechakaa. Ukitaka sufuria, unaigonga kwa kidole na kukunja uso kana kwamba umeletewa habari za msiba. Muuzaji naye anakutukana kidogo, anakuuliza kama kwenu mnapikia kwenye kofia, na baada ya muda mnaachana kama ndugu. Hakuna anayelala na uchungu. Halafu unahesabu ulichonunua mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ni ya muuzaji na mara ya pili ni yako.

Nilikaa huko miaka minane nikiuza sabuni, betri na kandambili kwa watu waliokuwa wakienda na kurudi machimboni. Kisha baba yangu akazeeka, shamba la maharagwe likabaki bila mtu, nikarudi kwetu Masisi na mke wangu, masanduku matatu (nilihesabu tena tulipofika: matatu) na ile tabia. Njiani tulipita barieri nyingi, vile vizuizi vya barabarani. Kila moja ilitoza kitu fulani, lakini hakuna iliyonitoza tabia.

Kanisa letu liko juu ya kilima, la mbao na mabati. Huku watu wengi hawatoi sadaka ya noti. Wanatoa kile ambacho shamba limetoa: kikapu cha maharagwe, mihogo, mkungu wa ndizi, wenye ng'ombe wanaleta fromage, yaani jibini, na mara nyingine anakuja kuku aliyefungwa miguu. Baada ya ibada shemasi anasimama mlangoni, anainua kitu kimoja kimoja, watu wananunua, na kinachopatikana kinaingia kanisani. Siku nilipoona jambo hili kwa mara ya kwanza niliitika Amina kutoka moyoni kabisa. Soko siku ya Jumapili, na bila kushuka kilima.

Nilikuwa na wiki tatu tu tangu kurudi, shemasi alipoinua kuku jike mwekundu, wa wale wenye shingo zisizo na manyoya. Shemasi wetu ni mtu mrefu, siku za kazi anachonga mipini ya majembe, na sauti yake haihitaji kipaza sauti.

"Huyu iko kuku ya shukrani," alisema.

Neno shukrani sikulisikia. Nilikuwa nimeshaona kuku.

"Mbona miguu yake iko nyembamba vile?" nikauliza.

Watu wakageuka kuniangalia.

"Iko miguu ya kuku, Papa," shemasi akasema.

"Na shingo? Nani alimunyoa?"

"Njo kabila yake, ndivyo iko."

"Na mudomo umepinda. Tena ni muzee sana huyu. Labda alikuja na wamisionere."

Mubi, kufikia hapo, muuzaji angekuwa ameshamtaja mama yangu, na mimi ningejua tumeanza kuelewana. Hapa hakuna aliyesema kitu, nikafikiri nimewashinda. Nikataja bei ndogo, bei ya vipande viwili vya sabuni. Shemasi akaangalia upande walipoketi akina mama. Akangoja. Hakuna aliyeongeza. Akanikabidhi kuku kwa mikono miwili, akiniangalia machoni, kama mtu anayekabidhi barua ya mahakama.

Niliteremka kilima kwa furaha. Mke wangu alikuwa ametangulia hatua kumi, na kwa kawaida tunatembea pamoja.

"Unajua ile kuku ni ya nani?" akaniuliza bila kugeuka.

"Ni yangu."

"Ni ya Koko wa ng'ambo ya kijito."

Huku mwanaume tunamwita Papa, na bibi mzee tunamwita Koko. Huyu wa ng'ambo ni jirani yetu: nyumba yake inaangaliana na yetu, kati kuna bonde na kijito. Ni mjane mwenye goti moja bovu na mtoto mmoja mwanaume, mtu mzima sasa. Mtoto huyo alikuwa amekwenda Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, kutafuta mawese, akapotea miezi saba. Huko simu hazishiki. Barabara ilikuwa imefungwa, kila aliyepita alisema hajamwona. Koko akamwambia Mungu mbele ya kwaya nzima ya akina mama: mtoto akirudi kwa miguu yake mwenyewe, kuku wangu huyu mmoja ni wako. Na mtoto akarudi, amekonda, na bidoni ya mawese iliyojaa nusu, kwa miguu yake mwenyewe.

"Leo njo ilikuwa siku ya kumushukuru Mungu," mke wangu akasema. "Koko alikuwa kwenye banko ya pili kutoka mbele, alivaa kitenge mupya. Aliketi pale akisikia namna uko unamwambia Mungu kama zawadi yake iko na miguu ya ovyo."

Nilimwangalia kuku. Kusema kweli miguu yake haikuwa na shida yoyote.

Jumapili iliyofuata niliweka kwenye kikapu cha sadaka pesa zilizokuwa zimepungua kwenye bei. Shemasi akazihesabu. Kisha akazihesabu tena, pole pole, akiniangalia mimi. Nikafikiri jambo limekwisha. Lakini kufikia siku hiyo kuku alikuwa na mawazo yake.

Alianza Jumatatu ya kwanza. Nilimfungulia asubuhi, akala mtama wangu, akanywa maji yangu, akashuka bonde, akavuka kijito kwenye jiwe la tatu kama mtu mwenye miadi, akapanda kwa Koko. Mchana nikasikia hodi. Koko alikuwa mlangoni, fimbo mkono mmoja, kuku mkono mwingine.

"Papa," akasema, "kuku yako ya miguu nyembamba ilikuja kunisalimia. Nimeirudisha."

Akamweka chini, akakataa kiti, akaondoka. Jumanne hivyo hivyo. "Papa, yule muzee wa wamisionere amepotea njia." Jumatano nilimfunga kamba mguuni; akaikata. Alhamisi tulimpunguza mabawa, lakini kwa Koko hakuwa akienda kwa kuruka, alikuwa akitembea. Ijumaa Koko alifika akihema, akasema, "Ile mudomo ya kupinda inajua kukata kamba muzuri."

Hakukasirika hata siku moja. Hilo ndilo lililonichosha. Mtu akikasirika unajua pa kuanzia.

"Koko," nikamwambia wiki ya pili, alipomleta tena, "nisamehe. Sikujua. Kuku ni yako, baki nayo."

Alinitazama kama niliyemwomba aibe.

"Ile kuku nilimupa Mungu. Mungu alikuuzia weye. Ikilala kwangu, nimemunyanganya. Nitamwambia nini? Nirudishe kuku, na Yeye arudishe mutoto Itebero?"

"Lakini mi nimekusamehe hiyo kuku."

"Weye haukukosewa, Papa. Mukosaji anasamehe namna gani?"

Nikamkumbusha kwamba bei nilishaisahihisha, kikapuni.

"Nilisikia. Ile pesa ilirudi, aksanti. Lakini yale maneno haiyarudi bado. Iko kule kanisani inatembea. Juzi mwanamuke moja aliniuliza kama mutoto yangu naye alirudi na miguu nyembamba."

Alisema hivyo akicheka kidogo, akarekebisha kitenge, akashuka bonde. Nikabaki na kuku. Kuku akaniangalia kwa jicho moja, halafu kwa lile lingine.

Kisha yakaja mayai. Kuku hakupata kutaga kwangu hata siku moja. Alitaga kwa Koko, kwenye majani karibu na moto, na Koko akayaleta yote, yamefungwa kwenye jani la mgomba. Mara ya kwanza nilihesabu matano. Nikahesabu tena, matano. Kuku alikuwa amekwenda kwake siku nne tu tangu aanze kutaga. Nimeuza vitu vingi maishani, sijaona kuku anayetaga zaidi ya yai moja kwa siku.

"Koko, hapa kuna yai moja zaidi."

"Ile moja nilinunua. Nilifikiri labda panya alikula moja ya kwako, sikuiona."

Huyu bibi alikuwa akinilipa yai ambalo huenda panya hakulila. Nikajaribu kufanya biashara, kwa sababu ndicho kitu ninachokijua.

"Basi chukua tatu, mi nichukue mbili."

"Habana. Ni yako yote."

"Chukua mbili."

"Habana."

"Moja. Moja tu, bei ya mwisho."

"Papa," akauliza kwa upole, "weye uko unauza ao uko unanunua?"

Miaka minane ya Mubi, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikachukua mayai matano, yenye uzito wa mawe.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha kila siku mchana. Njia ya bonde ikawa sabuni. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikichambua maharagwe nilipomwona Koko akishuka upande wake, kuku kwapani. Nilihesabu hatua zake, si kwa ubaya, ni macho yangu tu. Alifika mia moja na sitini, akateleza. Alikaa chini kwenye tope, miguu mbele, na mkono uliomshika kuku ukabaki juu hewani ili asichafuke. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akainuka kwa fimbo, akaendelea kuja kwangu.

Nilikimbia kumpokea. Mke wangu akanifuata, akamwosha goti kwa maji ya moto bila kuniambia neno, na Koko alipokwisha kuondoka akaniambia mengi, lakini ninakumbuka moja.

"Weye unahesabu mayai. Hesabu na magoti."

Nikaenda kwa mchungaji. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba sala ndefu juu ya upendo kati ya majirani, kisha akauliza kama suluhisho haliwezi kuwa kumla. Nikamwambia Koko angeniletea mifupa kila Jumatatu. Akakubali kwamba ingewezekana.

Kuku ndiye aliyetusaidia, ingawa hakukusudia. Siku kumi mfululizo mayai hayakuonekana, na Koko akaja kunieleza kwa aibu kubwa, kama mlinzi aliyeibiwa ghala. Kesho yake hakuja. Aliyekuja ni mtoto wake, yule wa Itebero, mtu wa maneno machache.

"Mama anakuita," akasema. "Kuku anaatamia. Chini ya kitanda yake. Mayai kumi."

Kila mtu kwetu anajua: kuku anayeatamia haondolewi. Ukimhamisha anaacha mayai, na mayai yanaharibika. Siku ishirini na moja. Nilipofika nilimkuta Koko ameketi nje ya nyumba yake mwenyewe, kwenye gogo, na mkeka wake umekunjwa kando.

"Siwezi kulala mule," akasema. "Kitu ya Mungu iko chini ya kitanda."

"Koko, goti lako na baridi hii?"

"Nitalala jikoni."

Hakuwa akitania. Uso wake ulikuwa umechoka, na kwa mara ya kwanza hakutaja miguu ya kuku. Nikaona kwamba mchezo wote huu ulikuwa mchezo upande wangu tu. Kwake, kuku huyu alikuwa ni yale aliyosema na Mungu juu ya mtoto wake, na mimi nilikuwa nimeyafanya yawe kitu cha kuchekwa, na sasa yamemtoa hata kitandani.

Niliketi kwenye gogo. Mbali ng'ombe wa watu walikuwa wakipanda malishoni, na ndipo nikamkumbuka baba yangu. Baba hakuwa na ng'ombe wake, lakini zizi letu lilikuwa na ng'ombe daima. Mtu mwenye ng'ombe wengi alikuwa anamragiza: anampa ng'ombe amlinde. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, hakuna anayesema ametolewa zawadi, na mlinzi anapata ndama wake kwa haki, kama malipo ya kazi. Kuragiza ni jambo la ng'ombe na mbuzi. Sijawahi kusikia mtu ameragiza kuku. Lakini hakuna sheria inayotaja idadi ya miguu.

"Koko," nikasema, "kuku ni yangu?"

"Ni yako. Nimekuambia mara mingapi?"

"Basi natafuta mulinzi. Mi siwezi kumulinda, umeona mwenyewe. Nakuragiza. Anabaki yangu, weye unafanya kazi, vifaranga tunagawa."

Akageuka kuangalia mlango wa nyumba yake. Kisha kitu fulani kikabadilika kwenye pembe za mdomo wake.

"Kuragiza haifanyiki bila bashahidi," akasema. "Ita shemasi. Na bale ba kwaya."

Jioni hiyo, jua bado lipo, kiwanja chake kilijaa. Alikuja shemasi na kipande cha mpini ambao hakuwa amemaliza kuuchonga, wakaja akina mama saba wa kwaya (nilihesabu tena: saba na mmoja aliyejificha nyuma ya nyumba akisikiliza), mke wangu, na yule mtoto wa Itebero akaegemea ukuta. Nikataja masharti: nusu kwa nusu. Nilidhani tutamaliza hapo.

"Nusu?" Koko akasema. "Kulinda kuku namna hii kwa nusu? Ona kwanza ile miguu. Miguu nyembamba vile, itanivunjikia mukononi, nitalipa na nini?"

Akina mama wakaanza kuangalia chini, mabega yakitikisika.

"Koko," nikasema, "miguu ni mizuri."

"Sisikie muzuri. Sema shemasi asikie."

"Miguu ni mizuri," nikasema kwa sauti. "Ilivuka bonde kila siku wiki nne. Hata pikipiki ya barabara ya Pinga ingekuwa imeshavunjika."

"Na shingo? Kuku ilinyolewa, mvua ikinyesha itashikwa na homa."

"Shingo haina neno. Inapitisha hewa."

"Na mudomo?"

"Umenyooka. Siku ile niliangalia kutoka upande."

"Na uzee? Nimesikia alikuja na wamisionere. Nitalinda muzee, kesho anakufa, banasema Koko amemuroga."

"Ni kijana, Koko. Anaatamia mayai kumi."

"Kama ni kijana, na miguu ni muzuri, na shingo, na mudomo," akasema akihesabu kwa vidole, pole pole, kama mtu wa Mubi kabisa, "ju ya nini ulitaja bei ya sabuni?"

Kiwanja chote kiliniangalia.

"Sikuwa na akili," nikasema. "Ilikuwa kuku ya shukrani, na nilipaswa kufunga mudomo. Ni kuku muzuri. Mungu hakupewa kuku mubaya."

Shemasi akauliza kama hilo nalo limo kwenye masharti. Koko akasema limo, tena mwanzoni. Ndipo akanyoosha mkono, akasema nusu kwa nusu inatosha, hakutaka zaidi. Na kikibaki kifaranga kisichogawanyika, akaongeza, hicho ni cha Mungu, ili pasiwe na ugomvi. Tukashikana mikono. Mkono wake ulikuwa mdogo, na ulikuwa umenishinda. Mkeka ukarudi kitandani siku ile ile: kulinda kuku wa mtu mwingine si dhambi, ni kazi.

Vilitoka vifaranga tisa. Yai moja lilikuwa bovu. Nilihesabu tisa, nikahesabu tena tisa, Koko akahesabu ya tatu ili anikomeshe. Vinne vyangu, vinne vyake. Alipopona goti kidogo alianza kunitania kwamba vile vyangu ndivyo vinavyokula sana.

Cha tisa kilikua, kikawa kuku mdogo mwekundu, shingo tupu kama mama yake, na Jumapili ya mavuno Koko akakileta kanisani. Shemasi akakiinua mlangoni. Alinigeukia mimi, na kanisa lote likanigeukia mimi, na Koko kwenye banko ya pili, akiwa na kile kitenge, akakunja mikono akangoja.

"Angalieni miguu hiyo," nikasema. "Mi natoka Mubi, nimeona vitu. Miguu ya kutembea hiyo. Na shingo, na mudomo ulionyooka kama mupini wa shemasi."

Niliendelea. Sikujua kusifu kuna utamu wake. Ukianza, ulimi unapata mteremko. Nilisifu hadi watu wakaanza kuongeza bei, mmoja juu ya mwingine, na nilipotaka kununua mimi mwenyewe nikakuta bei imenipita. Kuku alichukuliwa na mwenye ng'ombe mmoja wa kilima cha pili, mtu ambaye hajawahi kununua kitu kanisani isipokuwa fromage yake mwenyewe. Koko alitoa kitambaa, akapangusa macho, kisha akanifanyia ishara kwa mkono kwamba sasa ninyamaze, inatosha.

Jumanne asubuhi mtoto wake alikuwa mlangoni kwangu.

"Mama anasema ile ya tisa imerudi," akaniambia. "Imetembea kutoka kilima ya pili. Anasema weye njo ulisifu miguu, basi uipeleke. Yeye goti yake inamuuma."

Nikavaa buti. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni ile sabuni. Kwenda hadi kwa mwenye ng'ombe nilihesabu hatua elfu mbili mia tatu na nne, kuku kwapani. Wakati wa kurudi nilitaka kuhakikisha, lakini nilipofika mia sita hivi nikaona kitu chekundu kinanipita pembeni ya njia, hakina haraka, kinaelekea kwa Koko.